Soko la kripto likishambuliwa: libaki wazi au lifunge?

Tarehe 13 Machi 2020, saa 8:16 usiku kwa saa za UTC, BitMEX, soko la mtandaoni la kununua na kuuza sarafu za kripto, ilizimika mikononi mwa wateja wake. Bitikoini, ambayo siku moja nyuma ilikuwa karibu na dola 8,000, ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 4,000 kwenye soko hilo. Waliokuwa wamenunua kwa mkopo walikuwa wakifungiwa kwa nguvu nafasi zao, yaani dau walizokuwa wameweka juu ya bei, na kila nafasi iliyofungwa iliisukuma bei chini zaidi. Katikati ya hekaheka hiyo kurasa ziligoma. Zilirudi, kisha mchana, saa 6:56, zikagoma tena.

Mwanzoni kampuni iliwaambia watu kwamba ni hitilafu ya mitambo kwa mtoa huduma wa wingu, yaani kampuni inayokodisha kompyuta kupitia mtandao. Siku chache baadaye ikaeleza kilichotokea hasa: mtandao wa kompyuta zilizotekwa ulikuwa ukituma ombi moja lililoandaliwa kwa ustadi kwenye chumba cha gumzo, kile ambacho wateja hutumia kupiga soga. Ombi hilo liliifanya hifadhidata ipekue jedwali lenye mistari takriban milioni 50, tena na tena, hadi ikaishiwa pumzi. Injini inayokutanisha oda za kununua na za kuuza ilikuwa salama. Kilichozibwa ni njia ya kuifikia.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kosa lililo ndani ya swali tunalolizoea. Tunauliza: soko lilikuwa hewani au halikuwa? Usiku ule injini ilikuwa ikizunguka, kwa hiyo kwa kipimo cha mhandisi soko lilikuwa hai. Kwa mtu aliyetaka kuongeza dhamana ili asifungiwe nafasi yake, na akashindwa hata kuingia kwenye akaunti, soko lilikuwa limekufa upande wake tu.

Wanaotaka soko libaki wazi kwa gharama yoyote wana hoja nzito. Sarafu hizi zinauzwa saa 24 kwenye masoko mengi kwa pamoja. Ukifunga mlango wako, bei haikusubiri. Inaendelea kutembea kwingine huku wateja wako wakiitazama bila kuweza kufanya lolote. La pili linanisumbua zaidi: ikijulikana kwamba soko hujifunga kila likishambuliwa, basi kulifunga kunakuwa huduma ya kukodi. Mitandao ya vifaa vilivyotekwa inakodishwa, na mwenye nafasi kubwa inayoelekea kupata hasara anaweza kuona ni nafuu kununua dakika 40 za giza kuliko kulipa anachodaiwa.

Mwisho wa Februari 2020, wiki mbili tu kabla ya yale ya BitMEX, masoko mengine mawili ya kripto yalishambuliwa kwa karibu wakati mmoja na yakachagua njia tofauti. OKEx ilisema ilipigwa na mafuriko ya data ya gigabiti 200 kwa sekunde, kisha 400, na ikaendelea kufanya biashara. Bitfinex ilijiweka yenyewe kwenye hali ya matengenezo kwa takriban saa moja ili iweke kinga, ikieleza kwamba mshambuliaji alikuwa akitumia vipengele vya jukwaa lenyewe kuongeza mzigo kwenye mitambo. Ukisoma haraka utasema OKEx walikuwa imara na Bitfinex walikuwa dhaifu. Sidhani hivyo. Mafuriko ya gigabiti ni ya nguvu tupu: ukiwa na bomba pana na vituo vingi vya kuchuja, unayameza. Shambulio linaloujua mfumo ni jambo jingine kabisa. Linatuma maombi machache, yanayofanana na ya mteja halali, ila kila moja linaibebesha seva kazi kubwa: kutafuta historia ya miamala ya miaka, kuhakiki nenosiri, kupanga upya jedwali. Hapo mabomba hayasaidii. Kinachosaidia ni kujua mapema ni ombi gani linagharimu kiasi gani, kutenganisha gumzo na njia ya kuingilia, na kuwa na swichi ya kuzima kipengele kimoja bila kuzima nyumba nzima.

Ngao nyingi za kibiashara, yaani kampuni zinazolipwa kuchuja maombi kabla hayajalifikia soko, nazo zina bei ambayo wauzaji hawaitaji. Ili kampuni ya kuchuja ikague ombi la mteja, mara nyingi lazima iufungue usimbaji wake, ile kufuli inayoficha ujumbe njiani, maana yake inaona kila anachoandika, nenosiri likiwamo. Februari 2017 ilibainika kwamba hitilafu katika programu ya Cloudflare, mojawapo ya kampuni hizo, ilikuwa ikivujisha vipande vya kumbukumbu za seva zake hadi kwenye kurasa za watu wengine. Na tarehe 21 Juni 2022 kampuni hiyo ilipokwama, masoko ya FTX, Bitfinex na OKX (ile iliyokuwa ikiitwa OKEx) yalitikisika kwa pamoja, bila mshambuliaji yeyote. Sisemi ngao ziachwe. Soko la leo lisilo na ngao halimalizi wiki. Ila anayejivunia kwamba yuko nyuma ya ngao amehamisha hatari yake, hajaiondoa.

Kuna njia nyingine inayonivutia kwa historia yake. Mwaka 1997 Adam Back alibuni Hashcash, mfumo unaomlazimisha mtuma barua pepe kuifanyisha kompyuta yake kazi kidogo kabla barua haijapokelewa, ili anayetuma mamilioni aumie. Wazo hilohilo ndilo lililoingia kwenye uchimbaji wa bitikoini, ambako kompyuta hushindana kufanya hesabu ili kupata sarafu mpya. Yaani sarafu hii ilizaliwa na kinga dhidi ya wavamizi wa namna hii mfukoni, na soko linaweza kuitumia mlangoni: unayemtilia shaka, mpe fumbo la hesabu alitatue kwanza. Lakini angalia anayeumia. Mwenye simu dhaifu anasubiri sekunde nyingi. Kampuni kubwa ya biashara haisubiri, kwa kuwa anwani yake imeshaorodheshwa miongoni mwa wanaopita moja kwa moja.

Hapo ndipo ninapoiacha hoja ya kubaki wazi. Karibu kila kinga inayofanya kazi chini ya shambulio hufanya kazi kwa kuchagua nani apite. Wateja wakubwa wenye njia zao maalumu hupita; mteja wa kawaida huachwa nje. Soko linaendelea, bei inatembea, na mashine ya kufunga nafasi inaendelea kukata shingo za watu ambao hawawezi kujitetea. Uwazi wa namna hiyo ni mbaya kuliko kufunga, kwa sababu una sura ya haki.

Soko la hisa la New Zealand, NZX, lilikumbana na jambo hili Agosti 2020. Mashambulizi yaliiangusha tovuti yake, si mfumo wa biashara. Hata hivyo biashara ilisimamishwa siku nne mfululizo, kwa kuwa matangazo ya kampuni hayakuweza kuwafikia wote kwa usawa. Wiki iliyofuata tovuti ilishambuliwa tena, lakini biashara ikaendelea, maana sasa palikuwa na mpango wa kuyatoa matangazo kwa njia nyingine. Msimamizi wa masoko ya fedha nchini humo hakuisifu NZX. Ripoti yake ya Januari 2021 iliilaumu kwa kutojiandaa. Naona wote wawili walikuwa sahihi: ilikuwa haki kufunga, na ilikuwa aibu kulazimika kufunga.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kufunga, lakini si kwa kuzima swichi ya umeme. Kwanza oda mpya zisimame, na kufuta oda kuruhusiwe. Kisha, na hapa ndipo masoko mengi yanapokosea, ufungaji wa nafasi kwa nguvu usimame pamoja na mlango. Haiwezekani mlango ufungwe kwa mteja na panga libaki wazi. Najua jibu la wahasibu: bei ikizidi kuanguka kwingine, hasara ya waliokopa italifikia soko lenyewe na mfuko wake wa akiba. Ni kweli. Hiyo ndiyo gharama ya kuwakopesha watu na kuwaahidi mlango, na inamwangukia aliyefanya biashara ya mkopo huo. Pia inampa mwenye soko sababu ya kifedha ya kujikinga mapema, sababu ambayo leo hana, kwa kuwa mteja ndiye anayelipa.

Ile hatari ya giza la kukodi inabaki, na sitaki kuifumbia macho. Inapungua ikiwa sheria ya kufunga imeandikwa kabla ya tukio, yenye vipimo: asilimia gani ya wateja wakishindwa kuingia, kwa dakika ngapi. Inapungua zaidi kama wenye nafasi kubwa kabla ya kila shambulio wanachunguzwa baadaye. Na usiseme mitambo imeharibika wakati umeshambuliwa. Funika kombe ya namna hiyo ndiyo iliyozaa uvumi, unaosikika hadi leo, kwamba BitMEX ilijizima makusudi kuokoa bei, jambo ambalo kampuni ilikana.

Soko likifungua, lisifungue ghafla. Dakika za mwanzo ziwe za kupokea na kufuta oda tu, bei ihesabiwe mara moja kwa oda zote zilizokusanyika, na mwenye nafasi iliyo hatarini apewe muda wa kuongeza dhamana kabla mashine ya kufunga nafasi haijawashwa. BitMEX ililazimika kurudisha fedha kwa akaunti 156 ambazo oda zao za kuzuia hasara kwenye mkataba wa etheri, sarafu nyingine ya kripto, zilifyatuka isivyostahili, baada ya oda zilizokwama kushughulikiwa kwa kuchelewa. Hao walionekana kwa sababu oda zao zimo kwenye kumbukumbu. Aliyebofya mara 30 bila ukurasa kufunguka hakuacha oda yoyote ya kurudishiwa.