Picha 16 na usukani: Japani inavyowapima madereva wazee

Tarehe 19 Aprili 2019, katika eneo la Ikebukuro jijini Tokyo, dereva wa miaka 87 alipita taa nyekundu kwa kasi, akaua mama aliyekuwa kwenye baiskeli pamoja na binti yake wa miaka mitatu. Mahakamani alishikilia kwamba gari lilikuwa na hitilafu. Kumbukumbu za gari zilionyesha mguu wake ulikuwa kwenye mafuta, si kwenye breki, na Septemba 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Jambo lililowachoma wengi ni kwamba mwaka 2017 mzee huyo alihuisha leseni yake baada ya kufaulu kipimo cha utambuzi, yaani cha uwezo wa kukumbuka na kufikiri, kile ambacho kila dereva aliyefikisha miaka 75 lazima akifanye.

Kipimo hicho kilianza 2009. Mzee huonyeshwa picha 16, mathalani mzinga wa kivita, simba, kikaango na zabibu, kisha hupewa kazi nyingine ya kumpotezea mawazo, halafu huulizwa alichokiona. Huulizwa pia leo ni tarehe ngapi na sasa ni saa ngapi. Tangu Machi 2017, anayepata alama za chini kabisa hupelekwa kwa daktari, na akithibitika kuwa na demensia (ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na akili), leseni yake hufutwa au kusimamishwa.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Demensia humnyang'anya mtu uwezo wa kujua kwamba kuna kitu amenyang'anywa, kwa hiyo kumwachia mgonjwa ajipime mwenyewe ni kujidanganya. Familia nazo zinajua hali lakini zinashindwa kusema. Ni mtoto gani atamwambia baba yake, aliyemfundisha kuendesha, aweke funguo chini? Bora serikali ibebe lawama hiyo. Kuna ushahidi pia kwamba neno la mamlaka huokoa maisha. Huko Ontario, Kanada, madaktari walianza kulipwa kwa kila onyo wanalompa mgonjwa asiyefaa kuendesha. Utafiti uliochapishwa 2012, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 100,000 walioonywa, ulikuta ajali kubwa zikiwa wao madereva zimepungua kwa takriban asilimia 45. Lakini utafiti huohuo ulikuta waliofika hospitali kwa sonona wameongezeka, na baadhi yao hawakurudi tena kwa daktari aliyewaonya. Hilo la mwisho halipewi uzito wake: mgonjwa wa kiharusi au wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) anayemkwepa daktari wake ni hatari ya aina nyingine.

Upande wa pili unaanza na kipimo chenyewe. Picha zinapima kumbukumbu, ilhali barabarani kinachohitajika zaidi ni umakini unaogawanyika, kukadiria umbali, kasi ya kuamua, na uwezo wa kuuzuia mguu. Katika aina ya demensia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, mtu anaweza kukumbuka vizuri huku busara yake ya kuamua imeshaharibika. Huyo atataja simba na kikaango bila shida, kisha akatoke kwenye makutano bila kutazama. Na polisi wa Japani wenyewe wametangaza hadharani seti nne za picha zinazotumika. Vitabu vya mazoezi vinauzwa madukani. (Sina ugomvi na mzee anayejisomea, lakini mtihani unaokaririka haupimi ubongo.)

Pili, sheria inalichukua jina la ugonjwa kama hukumu. Uingereza inafanya tofauti: mwenye dalili za mwanzo anaweza kubaki na leseni ya muda mfupi inayopitiwa upya, na penye shaka hupelekwa barabarani na mkaguzi. Wenye demensia ya mwanzo kabisa si wachache wanaofaulu jaribio la namna hiyo. Nchini Japani, aliyethibitika leo na aliyefika hatua ya kutomtambua mkewe wanatoka ofisini mikono mitupu sawasawa.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya tatu, na haimhusu dereva. Watafiti wa Kijapani walioangalia takwimu za polisi kati ya 2012 na 2019 waliona kwamba baada ya masharti ya 2017, ajali za madereva wa miaka 75 na zaidi zilipungua, lakini majeruhi wa rika hilo waliokuwa wakitembea kwa miguu au kwa baiskeli waliongezeka. Denmark ilishaona kitu kinachofanana, na mwaka 2017 ikaondoa masharti ya umri. Mzee aliyenyang'anywa gari haketi nyumbani. Anapanda baiskeli, na macho na miguu ni vilevile. Mjini kuna treni. Vijijini, ambako basi hupita mara chache na duka liko mbali, kurudisha leseni ni kuhama maisha. Mwaka 2019 watu wapatao 600,000 waliirudisha kwa hiari, wengi wakisukumwa na habari za Ikebukuro. Walipewa cheti na punguzo la nauli, na punguzo halina faida pasipo na basi.

Mimi siko na wanaotaka kipimo kifutwe. Nakiona kama chujio la kwanza tu, na Japani imelifanya kuwa lango. Mei 2022 iliongeza jaribio la kuendesha, ambalo kwa maoni yangu ndilo kipimo chenye maana, lakini ikalielekeza kwa wenye miaka 75 na zaidi waliokwisha kukamatwa na makosa fulani ndani ya miaka mitatu. Maana yake anayepimwa kwa dhati ni yule aliyekwisha kosea mbele ya polisi. Mimi ningeugeuza mpangilio huo: anayepata alama za mashaka kwenye picha aendeshe kwanza, ndipo daktari aamue akiwa na ripoti ya mkaguzi mkononi, na kati ya kufuta na kuacha pawepo leseni ya mchana tu, au ya kwenda sokoni na hospitali. Kikwazo ni wakaguzi. Nafasi katika shule za udereva kwa ajili ya wazee zina foleni tayari, na serikali isipolipia wakaguzi zaidi, pendekezo hili litaishia kuwa sababu nyingine ya kuwasubirisha.