Serikali Ibadilike, Foleni Upange Wewe

Mwaka 2018 Wamalaysia waliung'oa muungano uliotawala tangu uhuru wa 1957. Miaka 61! Dunia nzima ikapiga makofi. Lakini katika hao wapiga makofi wote, hakuna aliyeuliza nauli alitoa nani.

Hebu nielezeni, nani anaweka uchaguzi Jumatano? Bunge limevunjwa 7 Aprili, siku tatu baadaye Tume ya Uchaguzi inatangaza kura ni 9 Mei, katikati ya wiki. Na kule unapigia kura ulikoandikishwa. Sasa mtu jina liko kijijini, kibarua kiko Kuala Lumpur au ng'ambo ya daraja, Singapore. Wa Sabah, sehemu ya Malaysia iliyoko kisiwa cha Borneo, ndiyo usiseme: kati yake na sanduku la kura kuna bahari, ndege kama saa mbili na nusu. Watu wakapiga kelele, kesho yake Waziri Mkuu Najib Razak akaifanya siku hiyo kuwa mapumziko. Ahsante sana, siku moja! Mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa yakaja kutangazwa na washindi baada ya matokeo, wengine tiketi za kurudi wameshakata.

Na huyo ana nafuu. Mwenzake aliyeko Melbourne anapiga kura kwa posta. Uteuzi wa wagombea umefanyika 28 Aprili, kwa hiyo kabla ya hapo hakuna karatasi ya kuchapa. Zimebaki siku 11: karatasi ichapwe, itumwe, ifike, utie alama, umtafute Mmalaysia mwenye miaka 21 au zaidi asaini kama shahidi, kisha bahasha irudi mpaka mkononi mwa msimamizi wa jimbo kabla ya saa 11 jioni ya siku ya kura. Posta gani hiyo? Ikabidi watu wasimame viwanja vya ndege wakiwakabidhi bahasha abiria wasiowajua. Akitua Kuala Lumpur, vijana wa kujitolea wanaipokea na kuikimbiza jimboni. Mimi mwamvuli wangu simwachii mtu nisiyemjua, wenzangu waliachia kura.

Tume yenyewe ilikuwa na shughuli nyingine. Ilisema sura fulani haziruhusiwi kwenye mabango ya majimbo, na sura ya Mahathir Mohamad, kiongozi wa upinzani, ikawa mojawapo. Basi maofisa wakapanda ngazi na mkasi, wakakata uso, bango likabaki na tundu. Sasa nani Malaysia nzima atashindwa kujua tundu lile ni la nani? Mzee alishatawala kuanzia 1981 hadi 2003, tena kwa muungano huohuo anaotaka kuuondoa! Akashinda, akaapishwa usiku wa 10 Mei akiwa na miaka 92. Umri huo kwetu mtu anaulizwa kama ameshakunywa uji.

Wiki haijaisha vizuri, polisi wanapekua nyumba zinazohusishwa na Najib. Tarehe 27 Juni wakasoma hesabu: mikoba 567, saa 423, miwani ya jua 234, vito kama 12,000, humo pete 2,200 na mataji 14. Fedha taslimu za sarafu 26. Thamani ya vyote, kati ya ringgit (fedha ya kwao) milioni 900 na bilioni 1.1. Najib akasema vingi ni zawadi. Sawa. Mimi nawahurumia waliopangiwa kuhesabu hereni.

Halafu ikaja deni. Serikali mpya ikasema nchi inadaiwa zaidi ya ringgit trilioni 1, ikafungua mfuko wa matumaini ili raia wachangie. Watu ni milioni 32 hivi, yaani kila kichwa, pamoja na mtoto wa jana, ni zaidi ya ringgit 31,000. Wakachanga kweli! Zikapatikana milioni 200 na kidogo. Piga hesabu: katika kila ringgit 100 za deni, haijafika hata sen 3, yaani senti zao.

Lakini kilichomchosha mtu wa kawaida ni kodi. Tangu Aprili 2015 walikuwa na GST, kodi ya bidhaa na huduma, ya asilimia 6, ndugu yake VAT yetu. Shati linatoka kiwandani kwa 50, kodi 3. Wa jumla anauza 80, anatoza 4.80, anajirudishia zile 3, anapeleka 1.80. Wa rejareja anauza 100, anatoza 6, anapeleka 1.20. Jumla 6, zote zimetoka mfukoni mwako, na shati limekugharimu 106. Tarehe 1 Juni kiwango kikashushwa kuwa sifuri. Sifuri, siyo kufutwa, maana kufuta sheria kunasubiri Bunge. Ikawa miezi mitatu ya neema, watu wakavamia maduka ya magari.

Tarehe 1 Septemba SST, kodi ya mauzo na huduma, ikaanza. Kodi ya mauzo, asilimia 5 au 10, inatozwa mara moja tu, kiwandani au kwenye forodha. Huduma wakati huo ilikuwa asilimia 6, na mgahawa hauguswi mpaka mauzo yapite ringgit milioni 1.5 kwa mwaka. Unaposikia unafurahi. Sasa rudi kwenye shati. Kiwandani 50, kodi ya asilimia 10, linatoka kwa 55. Wa jumla faida yake ilikuwa asilimia 60, anaipiga juu ya 55: inakuwa 88. Wa rejareja anaongeza robo yake: 110. Yaani kodi yenyewe ni 5, pungufu ya ile 6, lakini kila mmoja amepiga faida juu ya kodi. Na kwenye risiti huioni, imeshamezwa na bei. Muuzaji akikwambia "ni SST hiyo", utambishia kwa karatasi gani?

Wapiga kura wa jimbo la Port Dickson ndio walioonewa kabisa. Anwar Ibrahim, mwanasiasa wa upande ulioshinda aliyekuwa gerezani, alisamehewa 16 Mei, akahitaji kiti bungeni, mbunge wao akajiuzulu kumpisha. Foleni ya pili ndani ya miezi mitano na siku chache. Hiyo walau iliwekwa Jumamosi.

Mwezi Julai Waziri wa Elimu naye, badala ya kuwaacha watu wapumue, akatangaza viatu vya shule vitoke vyeupe viwe vyeusi kuanzia mwaka unaofuata. Wazo zuri: cheupe kinataka kuoshwa kila wikendi, kianikwe, kipakwe chokaa yake, na mvua za kule! Lakini mzazi mwenye watoto wanne ameshanunua jozi nne nyeupe, na wenye viwanda wana maghala yamejaa. Kelele zikaanza upya, ikabidi muda wa mpito uongezwe. Kwa hiyo kipindi hicho cha mpito darasa moja, mmoja cheusi, mwenzake cheupe, na chokaa bado ilinunuliwa. Pamoja na kodi.