Mkataba umeisha, klabu bado inamshika: kitendawili cha mchezaji huru wa NHL

Shabiki wa soka amezoea kwamba mkataba ukiisha, mchezaji anaondoka. Hukumu ya mahakama ya Ulaya ya 1995, katika kesi ya mchezaji Bosman, iliwafundisha hivyo Wazungu, nasi tukafuata. Ukihamia NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, unakutana na kiumbe tofauti: mchezaji huru mwenye masharti. Kijana akimaliza mkataba wa kwanza, ambao mara nyingi ni wa miaka 3, klabu ikimpa ofa ya kima cha chini kilichowekwa na kanuni, haki ya kummiliki inabaki kwa klabu hiyohiyo. Uhuru kamili humjia kwa kawaida akifika miaka 27, au akitimiza misimu 7 ligini.

Akikataa ofa? Anakaa nyumbani. William Nylander wa Toronto Maple Leafs alifanya hivyo mwaka 2018. Kanuni inasema asiyesaini kufikia Desemba 1 hachezi msimu mzima. Yeye alisaini siku hiyohiyo, dakika za mwisho, mechi 28 zikiwa zimeshampita. Alipata miaka 6 na pesa nzuri, lakini msimu wake ulikuwa umeharibika.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja. Klabu humchukua kijana wa miaka 18, humlipia makocha na misimu ya kuiva katika ligi za chini, na faida huanza kuonekana wakati uleule mkataba wa kwanza unapoisha. Akiondoka bure, nani atajisumbua kulea? Hapo nakubali. Hofu kwamba matajiri watasomba vipaji vyote hainisumbui sana, maana kikomo cha mishahara, dola milioni 88 kwa klabu msimu wa 2024-25, kimeshawafunga mikono.

Tena kanuni yenyewe imeacha mlango. Klabu nyingine inaweza kumsainisha kijana ofa yake, na klabu mama ina siku 7 kutoa ofa ileile na kubaki naye, au kumwachia na kulipwa nafasi za kuchagua chipukizi katika mgawo wa wachezaji wa kila mwaka, kulingana na ukubwa wa mshahara. Agosti 2024 St. Louis Blues waliwavamia Edmonton Oilers, waliokuwa wamebanwa na kikomo: beki Philip Broberg kwa dola milioni 4.58 kwa mwaka, mshambuliaji Dylan Holloway kwa milioni 2.29. Edmonton wakashindwa kuzifikia ofa hizo, wakaambulia nafasi ya raundi ya pili na ya tatu ya mgawo huo. Holloway akafunga mabao 26 msimu uliofuata.

Tatizo ni kwamba mlango huo hufunguliwa kwa nadra, kwa sababu viongozi wanaogopa kisasi. Montreal walimtaka Sebastian Aho wa Carolina mwaka 2019 wakamkosa. Miaka miwili baadaye Carolina wakamnyakua Jesperi Kotkaniemi wa Montreal, na ndani ya mkataba wakaweka bonasi ya kusaini ya dola 20, namba ya jezi ya Aho. Kejeli tupu!

Mimi ningeshusha umri wa uhuru kamili hadi 25. Klabu bado ingekuwa na miaka 7 ya kurudisha gharama zake. Lakini kanuni hizi hujadiliwa baina ya wamiliki na chama cha wachezaji, na chini ya kikomo cha mishahara, dola anayoongezewa kijana hutoka kwenye fungu la mkongwe. Wote wawili ni wanachama wa chama kimoja.