Linux ya flashi: kusahau kwake ni kasoro au kinga?

Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta isiyo na TPM 2.0 (kijenzi cha usalama cha ndani ya kompyuta) Windows 11 rasmi haiipokei. Kwa maabara ya skuli Wete au duka la steshenari Darajani, kuwasha Linux, mfumo endeshi wa bure, kutoka kwenye flashi huirefushia umri mashine kama hiyo bila kugusa diski yake. Linux Mint ya Xfce, toleo jepesi la Linux, huingia kwenye flashi ya 8 GB, na RAM (kumbukumbu ya muda) ya 4 GB inatosha.

Wasioipenda husema: ukizima, umesahauliwa. Ni kweli. Flashi ya kawaida ya Linux husomwa tu; unachobadilisha hukaa kwenye RAM. Lakini kwetu, umeme unapokatika bila ya hodi, huko kusahau ndiko kunakoiokoa. Utapoteza barua uliyokuwa unaiandika, mfumo wenyewe hautikisiki. Dukani kuna faida nyengine: nywila ya mteja aliyetangulia haimngojei anayefuata.

Ndipo wengi hutaka flashi yenye hifadhi ya kudumu, ambayo Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kuwashia, huitengeneza kwa kusogeza kitelezi tu. Hiyo huandikwa kila mara, na kivinjari ndicho mlafi mkubwa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mfumo wa mafaili huvurugika na safari huishia skrini nyeusi. Ichomeke kwenye Linux nyengine, tafuta jina la kigawanyo (sehemu ya flashi yenye hifadhi hiyo) kwa `lsblk`, kisha, kikiwa hakijafunguliwa (unmounted), endesha amri ya kukagua na kurekebisha, kwa mfano `sudo fsck -f /dev/sdb3`. Mara nyengine hupona, mara nyengine data ndiyo imekwenda.

Tena flashi rahisi huandika vipande vidogovidogo polepole mno, hata kwenye tundu la USB 3. Firefox ikiganda, Linux hubeba lawama isiyo yake. Na zipo za uongo: nje 128 GB, ndani 16. Huonekana nzima mpaka data ipite kiwango cha kweli. Ipime kwanza kwa `f3write` na `f3read`, amri za kujaza flashi na kuisoma tena.

Kwa hivyo maabara na duka watumie isiyokumbuka, kazi zihifadhiwe kwenye flashi ya pili. Anayetaka mfumo wa kila siku anunue SSD (diski ya kasi) ya 120 GB na kasha la USB 3, asakinishe Mint kamili humo. Achomoe kwanza diski ya ndani, kwani kisakinishi kina tabia ya kuweka kiwashio (bootloader) huko, na SSD ikashindwa kuwaka kwenye kompyuta nyengine.

Kompyuta ikiwa ya mtu, usikimbilie kuzima Secure Boot, kinga inayokagua mfumo unapowaka: Ubuntu, Linux nyengine maarufu, huwaka nayo ikiwa imewashwa, na BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, ikishtuka itadai ufunguo wa tarakimu 48. Ukiona diski ya Windows inasomeka lakini haiandikiki, Windows haikuzimwa kikamilifu. Rudi humo, shikilia Shift unapobonyeza kuzima, kisha jaribu tena.