Vijia vya juu kabisa milimani: baiskeli zipite au zikae chini?

Kuna ugomvi mmoja wa watu wa milimani ambao kila msimu unafufuka upya. Vile vijia vyembamba vya juu kabisa, kule ambako miti imeshaisha yamebaki mawe, majani mafupi na upepo, vijia ambavyo upana wake ni wa mtu mmoja tu na mkikutana lazima mmoja asogee pembeni, je baiskeli zipite au zibaki huko chini kwenye barabara za msituni? Waendeshaji wanaviita singotreki na kwao hiyo ndo pepo yenyewe. Wenye mabuti, yaani watembeaji, wanaona kama mtu kawaingilia chumbani na viatu.

Niseme mapema niko wapi usije ukaniambia nimekuzungusha. Mimi ni mtu wa baiskeli, na marufuku ya jumla naiona ni uvivu wa kufikiri. Ila hoja nyingi za wenzangu nazo zimechoka, na iliyo nzito kuliko zote upande wa pili huwa tunairuka kimyakimya. Nitaifikia.

Waliouvuta ugomvi huu mpaka kwenye sheria ni Wamarekani. Sheria yao ya Wilderness ya 1964, inayolinda nyika ambazo hazijaguswa, inakataza magari, mashine za injini na ndege kutua, halafu inaongezea kwamba hata usafiri mwingine wowote wa kimakanika hauruhusiwi. Sasa 1964 hii baiskeli ya mlimani tunayoijua haikuwepo, vijana wa Marin County kule California walikuja kuanza kuteremka Mount Tamalpais na mabaiskeli makuukuu ya matairi manene miaka ya 70, kwa hiyo waliopitisha sheria hawakuwa wanamuwaza mtu mwenye shokomzoba mbele na nyuma. Kanuni za idara ya misitu za 1966 zilisema cha kimakanika ni kile kinachosukumwa na nguvu isiyotoka kwa kiumbe hai, hapo baiskeli inapona, ila 1984 idara hiyohiyo ikaandika wazi kwamba baiskeli hapana, na imebaki hapana mpaka leo kwenye ekari zaidi ya milioni 110. Farasi anapita. Msafara wa farasi kumi uliobeba majiko na mahema unapita.

Ukitaka kuona ilivyo vituko angalia Colorado Trail, kilomita kama 780 kutoka Denver mpaka Durango. Mwenye miguu anaenda nayo moja kwa moja, mwenye baiskeli inabidi azunguke maeneo sita ya Wilderness, na mizunguko mingine inamtoa mlimani kabisa anajikuta kwenye barabara ya magari, anakanyaga pedali pembeni ya malori, ndo baadaye anarudishwa kwenye njia. Halafu sehemu ya juu kuliko zote ya njia hiyohiyo, Coney Summit, zaidi ya mita 4,000, pale baiskeli ruksa! Sababu ni kwamba mpaka wa Wilderness haukupita hapo, basi. Udongo uleule, vimaua vilevile, dhoruba ileile ya mchana, tofauti ni mstari kwenye ramani.

Na mistari inasogea. 2015 milima ya White Clouds kule Idaho ilitangazwa Wilderness na vijia viwili vilivyokuwa vinaheshimika sana kwa waendeshaji, Castle Divide na Ants Basin, vikafungwa kwao. Mwaka uliofuata maseneta wawili wa Utah, Mike Lee na Orrin Hatch, wakapeleka muswada wa kuwaachia wasimamizi wa kila eneo waamue wenyewe, haukufika popote. Cha kushangaza wengi ni kwamba IMBA, chama kikubwa cha waendeshaji chenyewe, 2017 kilisema hakuna haja ya kuigusa sheria ya Wilderness. Wenzao wakawaita wasaliti. Mimi nawaelewa, ukishaifungua sheria ya 1964 kwa ajili ya tairi lako hujui nani atafuata nyuma yako na mashine ya kuchimba madini.

Haya, tuje kwenye udongo maana ndo hoja inayopigiwa kelele kuliko zote. "Baiskeli zinaharibu njia." Kuna utafiti ulifanyika Montana ukatoka 1994, walipitisha watembeaji, farasi, baiskeli na pikipiki kwenye njia za mlimani wakapima udongo unaolegea, na kwenye njia zilizoloweshwa maji, kwato na miguu vilizalisha udongo mwingi kuliko magurudumu. Waendeshaji wanautembeza utafiti huu kila mahali kama cheti cha kuzaliwa. Ni utafiti halali, sina shida nao, shida ni watu wanavyousoma. Unazungumzia gurudumu linaloviringika. Gurudumu lililofungwa kwa breki ni mnyama mwingine.

Simama kwenye kona moja ya mteremko wa juu uangalie. Njia inashuka kwa zigizaga, kona imekaza kama kiwiko, udongo ni changarawe laini juu ya mwamba. Anakuja anayejua, anapunguza mwendo kabla ya kona, macho yanatazama inakotokea njia, breki anaziachia, tairi linazunguka linatoka, amebakisha alama ya kashata za tairi tu. Anakuja wa pili amechelewa kushika breki, anabana ya nyuma kwa woga, tairi linafunga linaserereka, linachimba mfereji wa upana wa vidole vitatu kutoka katikati ya njia mpaka ukingoni. Mfereji mdogo tu. Jioni mvua inanyesha, maji yanatafuta pa kupita, yanaukuta umeshatengenezwa. Msimu ujao kona ile ina korongo la kifundo cha mguu, na watembeaji wanaanza kuikata kwa pembeni kupitia kwenye majani ili wasikanyage humo, na hapo ndo uharibifu wenyewe unapoanzia. Aliyeanzisha ni nani sasa? Wote, na hakuna anayekubali.

Na majani ya kule sio ya kuchezea. Msimu wa kuota juu ya mstari wa miti, pale miti inapoishia, ni wiki chache, kama sita mpaka kumi hivi, baada ya hapo baridi inarudi. Kuna kimmea kinaitwa Silene acaulis, kimejikunja kama mto wa kulalia kwenye mawe kikijikinga na upepo, kinakua polepole mno na kinaweza kuishi zaidi ya miaka 300. Unakipita juu sekunde moja, iwe kwa tairi au kwa buti. Kwa hiyo kwenye udongo jibu langu ni kwamba anayebaki kwenye njia na asiyefunga tairi haharibu kuliko mtembeaji, na anayetoka nje ya njia anaharibu hata akiwa peku.

Wanyama nao wamepimwa. Kisiwa cha Antelope kule Utah waliangalia nyati wa Kimarekani na jamii mbili za wanyama kama swala, matokeo yakatoka 2003, wanyama walishtuka na kukimbia karibu sawasawa awe anakuja mtu wa miguu au wa baiskeli. Ushindi kwetu? Nusu tu. Mwaka 2016 Montana mwendeshaji mmoja alikuwa anateremka kijia cha msituni kwa kasi, kwenye kona isiyoona mbele akamgonga dubu wa grizzly, akauawa palepale. Ripoti ya wachunguzi ilikadiria alikuwa na kama sekunde moja au mbili tu za kufanya chochote. Mtu wa miguu anapiga soga, anakohoa, anakwaruza mawe, dubu anamsikia mapema anaondoka zake. Baiskeli iliyotunzwa vizuri haina kelele, cheni imelainishwa, matairi laini, inafika kabla ya habari zake. Kwa binadamu anayepanda na mzigo mgongoni ni hivyohivyo, hagongwi mara nyingi ila anashtushwa siku nzima, na mtu anayeshtushwa siku nzima humwambii kitu kuhusu utafiti wa 1994.

Sasa ile hoja tunayoiruka. Watembeaji wanasema nyika ni kubwa kwa sababu inachukua muda. Bonde linalohitaji siku nne kwa miguu lina siku nne za ukimya ndani yake, ukilipita kwa siku moja kwa baiskeli hujalipenda zaidi, umelipunguza, na umewapunguzia na wengine maana aliyelala usiku wa tatu akiamini yuko mbali na kila kitu anapishwa na mtu aliyekunywa chai ya asubuhi kwenye maegesho ya magari. Nimeitafutia jibu hoja hii nikakosa la kuiangusha. Naweza kusema mkimbiaji wa milimani naye anafanya hivyo na hajakatazwa, kweli, lakini hilo ni jibu la mtoto anayesema mbona na yule. Hapa nakubali kuna mabonde machache, yale ya ndani kabisa, ambayo nikiambiwa acha baiskeli nitaiacha.

Kuna upande wake mwingine ambao sheria haiugusi, usalama. Baiskeli inakupeleka mbali kuliko miguu yako inavyoweza kukurudisha. Hii sentensi inabidi ukae nayo. Uko kilomita 25 ndani, urefu wa mita 3,800, hewa ya kule shinikizo lake ni kama theluthi mbili hivi ya usawa wa bahari kwa hiyo hata kubeba baiskeli begani kupanda ngazi za mawe unasimama kila hatua ishirini kuhema. Jiwe linapiga ule ukono mdogo unaoshikilia gia za nyuma, unapinda, gia zinaingia kwenye spoki, cheni inakatika. Pancha ungeziba, umebeba tyubu na pampu. Hii hujabeba cha kuizibia. Saa saba mchana, mawingu yameanza kupanda nyuma ya kilele kama maziwa yanayochemka, milima ya Colorado mwezi wa saba na wa nane radi za mchana ni jambo la karibu kila siku, na wewe uko kwenye mgongo wa mlima wazi, kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Netiweki hakuna. Kilichokuwa saa mbili za raha sasa ni saa saba za kusukuma chuma, na viatu vyako vya kukanyagia pedali soli zake zinateleza kwenye mawe.

Watu wanatumia picha hii kusema ndo maana wapigwe marufuku, waokoaji wanateseka. Siafiki. Mtembeaji naye anavunjika kifundo, mpanda miamba naye anaanguka, hatujafunga milima. Ila inatuondolea ile jeuri ya kusema baiskeli ni sawa na kutembea, haraka kidogo tu. Haiko sawa. Anayeenda huko inabidi apange kama mtembeaji wa siku mbili hata kama anakwenda kwa saa sita, abebe nguo za baridi, taa, ukono wa gia wa akiba (ni kipande kidogo kama kidole, uzito wake haufiki hata wa chungwa), na ageuze saa tano asubuhi kama bado hajafika juu.

Kwa nini basi nasema marufuku ya jumla ni uvivu? Kwa sababu kuna waliojaribu kugawana muda na ikafanya kazi. Yr Wyddfa, ambayo wengi wanaijua kama Snowdon, mlima mrefu kuliko yote Wales, una makubaliano ya hiari kwamba tangu Mei mosi mpaka mwisho wa Septemba baiskeli zisipande wala kushuka njia za kileleni kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Mchana ni wa miguu, alfajiri na jioni ni za magurudumu. New Zealand wana Heaphy Track, kilomita 78, baiskeli ziliondolewa eneo hilo lilipofanywa hifadhi ya taifa 1996, zikarudishwa kwa majaribio 2011, na siku hizi zinapita Mei mpaka Novemba, miezi ambayo watembeaji wa likizo za kiangazi hawapo. Sawa, Heaphy haifiki hata mita 1,000, si mlima wa theluji, lakini wazo linahama vizuri tu. Ugomvi mwingi wa njia hizi ni wa watu wawili kutaka sentimita arobaini zilezile saa ileile.

Huko juu zaidi ratiba ingefuata udongo badala ya kalenda. Theluji ikiyeyuka njia inakuwa uji kwa wiki kadhaa na hapo hata mimi nisingeruhusu tairi, wala farasi, wala msafara wa mabuti thelathini, ikikauka ifunguliwe. Anayejua imekauka lini ni askari wa eneo lile anayeipita, na ule muswada wa 2016 ulioachia maamuzi kwao nadhani ulikuwa na akili kuliko walioupinga walivyokubali, hata kama walioupeleka sikuwaamini.

Baiskeli za umeme ndo zinanitoa jasho kwenye hesabu hii. Utetezi wetu wote miaka hii umekuwa kwamba tunapanda kwa mapafu yetu, kwamba tofauti yetu na pikipiki ni nguvu ya kiumbe hai, maneno yaleyale ya 1966. Weka mota na mlango huo unafungwa, maana mtu asiyeweza kupanda mita elfu moja kwa miguu yake sasa anafika na kule juu yuko na chombo cha kilo zaidi ya 20, betri ikiisha hawezi kukibeba hata kona tatu. Najua kuna wazee na wenye magoti mabovu ambao mota ndo imewarudisha milimani, na nikizeeka nitaitaka. Kwa sasa kwenye vijia vya juu ya mstari wa miti ningezizuia, na wenzangu wakisema nimegeuka kuwa kama wale wenye mabuti sitabisha sana.