Bonyeza Paka

Jamani, kutafuta maisha Madrid ni sawa, lakini kuna mambo hayavumiliki. Leo asubuhi nimepiga simu kuulizia bili ya umeme. Dada wa mashine, sauti tamu kama halua, akaniambia niingize namba ya mkataba kisha nibonyeze "almohadilla". Kihispania nimekisomea, najua almohada ni mto, na ukiupachika -illa unakuwa mdogo. Nibonyeze kimto. Nikatazama kitanda, nikatazama simu. Dada akarudia mara mbili, ya tatu akanikatia.

Kumbe ni reli, hii alama ya #! Reli hii hii ya nyota mia na hamsini, ambayo Tanga hata bibi asiyejua kusoma anaibonyeza gizani akitafuta salio.

Ningemeza, lakini alama hiyo ilishaniumbua juzi usiku. Nasambaza chakula kwa baiskeli, mvua inanyesha, begi mgongoni. Nafika jengo moja mtaa wa Lavapiés, mlango una vitufe vya namba. Nampigia mteja, mama wa Kimexico, mpole kweli. "Mijo," ananiita, yaani mwanangu, "ni nne, moja, saba, gato."

"Paka?"

"Ndiyo, paka."

Nikageuka. Na wallahi, dirisha la chini kulikuwa na paka wa rangi ya chungwa, kajikunja nyuma ya kioo.

"Señora, paka nimemwona."

"Basi mbonyeze!"

"Amelala."

"Nani amelala?"

"Paka."

Kimya. Kisha, taratibu: "Mijo, umekunywa?"

Mimi! Mtoto wa maalim! Nikanyoosha mgongo, nikafuta maji usoni, nikagonga kioo kwa heshima zote. Paka akafungua jicho moja, akanitazama kama ofisa uhamiaji, akalifunga. Aliyeamka ni mwenyewe, mzee wa Kihispania ndani ya pajama, anataka kujua namtakia nini paka wake. Nikamwambia kuna mama juu kasema nimbonyeze. Hapo akatafuta simu aite polisi.

Mama akashuka na ndara zake, akafungua mlango, akagusa kitufe cha mwisho. "Gato!" Mzee kutoka dirishani: "Almohadilla!" Wakashikana. Mama anasema kwao ule mchezo wa watoto, wa mistari minne unayoijaza misalaba na viduara, unaitwa gato, kwa hiyo alama ni gato, na Chile vilevile, kawaulize. Mzee anasema mchezo ni tres en raya na alama ni kimto, tangu lini paka akawa na miraba? Supu inapoa mgongoni kwangu, kila mmoja ananivuta niwe shahidi wake.

Nikasema, kwetu ni reli.

Wakacheka. Wote wawili, tena kwa pamoja, mzee mpaka akashika kizingiti. Yaani kimto ni akili, paka ni akili, ila mistari inayokatana mbele ya macho yako kama reli na mataruma yake, hicho ndicho kichekesho! Na bahasha ya bakshishi sikuiona.

Nyumbani napanga na Mkolombia na Muargentina. Hao wanasema "numeral", na ndilo jambo pekee nililowahi kuwasikia wakikubaliana, maana kuhusu zamu ya kusafisha choo hata msuluhishi angerudi kwao.

Ile @ angalau wote wanaiita arroba. Ni kipimo cha kale, ratili 25, robo ya ratili 100, kama kilo 11 na nusu. Neno wamelitoa kwa Waarabu, walikotoa wazee wetu hii robo ya buchani. Ila wafugaji wa huku bado wanapimia nguruwe. Sasa nikimtajia mtu barua pepe yangu nafika hapo katikati nakohoa kidogo.

Na bili ya umeme bado sijalipa. Wala mto sina wa maana. Huu niliourithi chumbani umekuwa kama chapati ya jana, naweka koti chini yake ndiyo usingizi uje. Koti lenyewe tangu juzi halijakauka.