Hilo si jina la jini, ni jina la fundi

Jumamosi iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi hapa Tandika, mtu alirusha sauti ya dakika nne. Anasema gemu wanazocheza watoto wetu zimejaa alama za Freemason, na ushahidi wake mkubwa ni Noob Saibot, yule mpiganaji mweusi tii wa Mortal Kombat. Eti ni jina la jini. Haikufika adhuhuri, mama mmoja kaingia kibanda cha gemu, kamvuta mwanawe sikio hadi nje, pedi ya gemu bado iko mkononi. Mtoto wa miaka 11. Nilikuwa kinyozi mlango wa pili, nikaona yote, nikakosa la kusema. Nasema sasa.

Lisomeni kinyumenyume. Noob ni Boon. Saibot ni Tobias. Ed Boon na John Tobias ndio walioibuni Mortal Kombat, 1992, na mwaka uliofuata, kwenye toleo la pili, wakaficha humo mpiganaji aliyebeba majina yao. Basi, hakuna jini.

Gemu ya Doom II ya 1994 nayo mwishoni ina sauti nzito ya kutisha. Igeuze, utamsikia John Romero, mmoja wa watengenezaji, akisema ukitaka kushinda lazima umuue yeye. Wenzake walikuwa wameficha picha ya kichwa chake pale kumtania, naye akajibu utani kwa sauti. Watu wa kazi moja, wanataniana.

Lakini anayeniuma mimi ni Warren Robinett, mtengenezaji wa gemu wa kampuni ya Atari. Enzi hizo Atari haikuandika jina la mtengenezaji popote, si kwenye boksi wala kwenye skrini. Mtu anakaa peke yake miezi na miezi, anabuni, anachora, anaandika programu yote, halafu gemu inatoka na jina la kampuni tu. Mwaka 1979 wanne waliondoka kwa hasira hiyo wakaanzisha kampuni yao, Activision. Robinett hakugombana na mtu. Ndani ya gemu yake, Adventure, alificha kidoti kimoja cha kijivu, rangi ileile ya sakafu, kwenye ngome nyeusi. Ukikibeba mpaka chumba fulani, ukakiweka na vitu vingine viwili, ukuta unaanza kupepesa, unapita. Ndani hamna dhahabu wala joka. Kuna maandishi yaliyosimama wima, yanabadilika rangi: imetengenezwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu, akaacha kazi. Kijana wa miaka 15 wa Salt Lake City ndiye aliyekiona, akaiandikia kampuni barua mwaka 1980. Steve Wright wa hapohapo Atari akasema iachwe, ni kama watoto wanaosaka mayai Pasaka. Ndiyo maana mpaka leo siri hizi zinaitwa mayai ya Pasaka.

Baba yangu alikuwa seremala Keko. Makabati yake yalikuwa yakichukuliwa na duka moja la mjini, wanabandika lebo yao, wanauza. Kabla kabati halijapakiwa, alikuwa anachomoa droo ya chini, anaigeuza, analowesha ncha ya penseli kwa ulimi, anaandika jina lake na tarehe. Nilimuuliza nani ataona. Akaniambia, "Nimeshaona mimi." Mwaka juzi tulimsaidia jirani kuhama, nikabeba droo kichwani, nilipoishusha nikaona mwandiko ule, herufi zimelalia kulia. Lebo ya duka ilishabanduka zamani. Nilikaa chini palepale kwenye kokoto.

Sasa mtu aniambie hiyo ni alama ya shetani.

Nakubali, si kila kilichofichwa ni salama. Mwaka 2005 kwenye GTA San Andreas yalifukuliwa mambo ya kikubwa yaliyobaki ndani ya programu, na Marekani wakaipandisha daraja ikawa ya watu wazima tu. Na Mortal Kombat yenyewe ina damu, mzazi ana haki ya kuizuia. Basi izuieni kwa damu. Msiwatie watoto hofu ya majina ya watu waliofanya kazi yao.

Dada yangu, mama wa yule kijana, hili nimekuandikia wewe. Akitoka shule mpe karatasi, mwambie aandike N-O-O-B, kisha aanze kulisoma kutoka mwisho. Kaa naye mpaka afike kwenye N ya Boon.